Hita ya valvu ikizidi volti 6.3 kidogo, haiungui

Kwa miaka mingi mafundi wa televisheni za zamani za Marekani wamerithishana imani kwamba hita (waya unaopasha moto ndani) ya valvu, yaani kile kichupa cha kioo kinachodhibiti mkondo wa umeme, ikipata zaidi ya volti 6.3 ilizopangiwa, hata kwa kiasi kidogo, valvu hiyo imeanza kufa. Imani hiyo si sahihi. Kwa kawaida watengenezaji waliruhusu tofauti ya asilimia 10 kila upande, yaani kuanzia volti 5.7 hadi 6.9 hivi. Televisheni iliyosanifiwa kwa umeme wa volti 117, ikichomekwa leo kwenye volti 122, hita zake hupata takriban volti 6.6, na hapo hakuna cha kurekebisha.

Kinachonisikitisha ni tiba inayofuata hofu hiyo: fundi huongeza rezista (kipande kinachopunguza mkondo) kwenye waya wa hita mpaka volti zishuke kupita kiasi, bila kujua kwamba kathodi (sehemu ya valvu inayopashwa moto na hita) isiyopata joto la kutosha hutoa elektroni kwa shida, na ikilazimishwa kupitisha mkondo mkubwa katika hali hiyo huweza kuharibika.

Pima kwanza kwenye soketi, valvu zote zikiwa mahali pake na zimekwisha kupata moto, kwa sababu transfoma isiyo na mzigo huonyesha volti nyingi zaidi. Ikiwa kweli zimezidi 6.9, punguza umeme wote unaoingia, kwani volti za anodi (sehemu ya valvu inayopokea elektroni) nazo zimepanda. Transfoma ndogo ya volti 6.3, ambayo koili yake ya pili imeunganishwa mfululizo na umeme wa ukutani kwa kupingana nao, hushusha volti 130 hadi karibu 123, mradi koili hiyo iweze kubeba mkondo wote wa televisheni.