Kitabu cha hadithi si cha kujifunzia kusoma tu

Miongoni mwa wazazi na hata baadhi ya walimu wa Moshi, imezoeleka kuamini kwamba vitabu vya hadithi za watoto ni vya darasa la kwanza na la pili, na kwamba mwanafunzi wa darasa la sita akipewa kimoja anarudishwa nyuma. Imani hiyo ina chanzo chake: sentensi ni fupi na picha ni nyingi. Hata hivyo, wepesi wa lugha si wepesi wa dhamira. Hadithi ya sungura anayemlaghai fisi ili apate chakula wakati wa njaa husomwa kwa dakika chache, lakini swali la iwapo ujanja wa mnyonge ni haki au ni wizi laweza kuwagawa wanafunzi kipindi kizima, na kwa kuwa msamiati hauwasumbui, nguvu yao yote huelekea kwenye hoja. (Picha nazo husema, na wakati mwingine hupingana na maandishi.)

Anayetaka kuhakikisha awasomee watoto wa umri tofauti hadithi hiyo ya sungura na fisi nyumbani, kisha aulize: “Kwa nini alifanya hivyo?” Mdogo aghalabu atasimulia tukio, mkubwa atatafuta sababu, na huenda akamtetea fisi.