Kuibiwa kwa Kiingereza: vitenzi vya jinai katika wakati uliopita

Anayejifunza Kiingereza cha sheria ya jinai hupewa kwanza orodha ya makosa, kisha orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni: "steal, stole, stolen". Anazikariri zote mbili, halafu anafika kituoni Nairobi au London kuandikisha maelezo na kusema "I was stolen my phone". Kila neno ni sahihi, sentensi siyo. Kilichomponza ni kile kinachofuata kitenzi, na hicho orodha hazikumfundisha.

Kwa Kiswahili tunasema "aliniibia simu", na tukigeuza, "niliibiwa simu". Mtu na mali yake wanakaa kwenye kitenzi kimoja bila ugomvi. "Steal" haikubali hivyo. Kinachoifuata ni mali tu: "He stole my phone". Mwenye mali huletwa na "from": "He stole a phone from me". Mali ikitangulia, tunapata "My phone was stolen". Ukisema "He stole me", asiyejua Kiswahili ataelewa kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa.

"Rob", yaani kunyang'anya, inakwenda kinyume. Inachukua mtu au mahali, na mali huja baada ya "of": "They robbed me", "They robbed the bank", "I was robbed of 40,000 shillings". Simu haiwezi kuwa "robbed". Andika b mbili, maana "robed" ni kuvaa joho, na hilo ni la jaji.

Hapa sarufi inagusa adhabu. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, adhabu ya jumla ya wizi ni kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimjeruhi mtu, kifungu cha 296(2) kimeandika adhabu ya kifo. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha hauanzi chini ya miaka 30. Aliyenyang'anywa kwa panga akaandikisha "they stole my money" amelipunguza kosa kwa mdomo wake, na wakili wa utetezi atalishikilia neno hilo.

"Burglary" nayo hubadilika kwa nchi. Kenya na Tanzania ni kuvunja nyumba usiku, na mchana huwa "housebreaking". Uingereza, chini ya sheria ya wizi ya 1968, saa si sharti.

Sasa nyakati. Chukua maelezo haya mafupi:

"I was closing my shop when two men came in. One of them was holding a panga. They robbed me of 40,000 shillings. When my neighbour arrived, they had already left."

"Was closing" ni "nilikuwa nikifunga": tendo lililokuwa likiendelea. "Came in" ndilo lililolikatiza. "Had left" ni "walikuwa wameshaondoka". Ukiondoa "had" ukaandika "When my neighbour arrived, they left", jirani amegeuka shahidi aliyewaona wakikimbia, na ataitwa kueleza sura za watu ambao hakuwahi kuwaona. Kosa hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu sentensi inasomeka vizuri kabisa na hakuna atakayeishtukia.

Mtego mwingine ni kiambishi -me-. Mitaani husemwa "nimemwona jana", na hapo ndipo hutoka "I have seen him yesterday". Ukishataja siku au saa, hakuna "have": "I saw him yesterday".

Baada ya kituo, vitenzi vya kesi vifundishwe kwa mfuatano wa kesi yenyewe, kila kimoja na kihusishi chake: "He was arrested for theft, was charged with theft, pleaded guilty to theft, was convicted of theft, was sentenced to two years". Aliyekana na kuachiwa ni "acquitted of". "Was" hupotea mara nyingi hapa. "The suspect arrested on Monday" haisemi kwamba mshukiwa alikamatwa. "Pleaded" haina "was", kwani kukiri au kukana hufanya mshtakiwa mwenyewe.

Katika matamshi, -ed husikika kama silabi baada ya t au d tu: "arrested", "convicted", "pleaded". "Robbed" ni silabi moja, "kidnapped" inaishia na sauti ya t. Tukiongeza irabu mwishoni, msikilizaji anapoteza neno.

Shahidi asiharakishe kusema "murdered". Neno hilo limebeba kusudio, na kusudio huamuliwa na mahakama. "He killed him" au, bora zaidi, "He hit him on the head with a stone" inasema kilichoonekana.

Maelezo yakishaandikwa, omba usomewe kabla ya kutia sahihi, na sikiliza vitenzi tu: nani alitenda, nani alitendewa, kipi kilitangulia. Penye shaka, sema kwa Kiswahili na udai mkalimani. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo.