Kaliba iliyokufa ni nini?

Neno kaliba wengi tunalikuta kwenye habari za mpira: mshambuliaji wa kaliba ya kimataifa, kocha wa kaliba hiyo. Kwenye silaha ndiko lilikotoka. Kaliba ni upana wa tundu la kasiba, yaani mtutu, na kwa hiyo unene wa risasi inayopita humo. Wanaisimu wengi hulirudisha hadi kwenye neno la Kiarabu lililotupa sisi kalibu, chombo cha kusubia madini, kile cha mhunzi na sonara.

Kwa mkusanyaji wa rivolva za kale, undugu wa kaliba na kalibu ni kitu cha kushika mkononi. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, mara nyingi yenye matundu 5 au 6, na kila tundu lina risasi yake. Rivolva nyingi za Colt, kampuni ya Marekani, za miaka ya 1850 ziliuzwa ndani ya kasha la mbao, na ubavuni mwa bastola mlilazwa kalibu ndogo ya chuma. Mwenye silaha aliyeyusha madini ya risasi nyumbani, akamimina, akafungua kalibu na kutoa vidonge vyake. Baruti alimimina yeye mwenyewe kwenye silinda, kisha akapachika fataki, kikofia kinacholipuka kikipigwa, nyuma ya kila tundu. Katika mazingira hayo hakukuwa na haja ya viwanda kukubaliana kipimo kimoja. Bastola na kalibu yake vilitosheleza.

Mambo yalibadilika ilipokuja risasi nzima, yaani ganda la chuma lenye fataki, baruti na kichwa cha risasi kwa pamoja. Kuanzia hapo bastola bila ganda la kipimo chake ni chuma tu. Kaliba iliyokufa ni ile ambayo maganda yake viwanda vimeacha kuyatengeneza kwa biashara: silaha ipo, chakula chake hakipo. Tuitofautishe na kaliba ya ajabu. Rivolva ya Nagant ya mwaka 1895, iliyobuniwa Ubelgiji kwa ajili ya jeshi la Urusi, hutumia risasi isiyofanana na nyingine: kichwa kimezama chote ndani ya ganda, na silinda husogea mbele kabla ya mlio ili mdomo wa ganda uzibe mwanya kati ya silinda na kasiba. Ni ya ajabu kweli, lakini iliishi miaka mingi baada ya wenzake kuzikwa.

Kwa nini kaliba za karne ya 19 zilikuwa nyingi kiasi kile? Jibu ninalolipenda zaidi liko kwenye karatasi ya kisheria. Tarehe 3 Aprili 1855 Mmarekani Rollin White alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, kutoka mbele hadi nyuma. Leo linaonekana jambo dogo, lakini bila tundu hilo huwezi kuingiza ganda kwa nyuma. Kampuni ya Smith & Wesson ilimlipa White senti 25 kwa kila bastola, na mwaka 1857 ikatoa rivolva yake ya kwanza, ndogo, ya risasi 7 za inchi .22. Mkataba ulimtaka White aitetee hataza kwa fedha zake mwenyewe. Alishinda kesi, na kesi zikamla. Hataza ilipoisha mwaka 1869 aliomba aongezewe muda, Bunge la Marekani likamkubalia, kisha Rais Ulysses Grant akakataa kutia saini mwanzoni mwa 1870.

Katika miaka ile washindani wengi walikuwa wanatafuta njia ya kuikwepa hataza hiyo. Hapo ndipo zilipozaliwa kaliba zinazomfanya mkusanyaji akose usingizi. Daniel Moore wa Brooklyn alitengeneza rivolva ya .32 inayojazwa kwa mbele. Nyuma ya silinda hakuna tundu kubwa, kuna kitundu chembamba tu, na ganda lake lina chuchu ndogo kitakoni inayochungulia kupitia kitundu hicho. Nyundo inaipiga chuchu, baruti inawaka. Rivolva za kampuni ya Plant, za .42, nazo zilijazwa kwa mbele, ila ganda lake lina kitako kilichobonyea ndani kama kikombe, na ukingo wa kikombe ndio unaopigwa. Ningeambiwa nichague rivolva moja tu kutoka karne ile, ningechukua ya Plant. Ukilitazama ganda lake ubavuni unamwona fundi akikwepa sheria kwa milimita chache, kwa akili na bila kuvunja kitu. Hataza ilipokufa, sababu ya maganda hayo ikafa nayo.

Ulaya ilikuwa na sababu zake. Ufaransa tayari ilikuwa na ganda la pini, lililoanzishwa na Casimir Lefaucheux miaka ya 1830: msumari mdogo wa shaba unachomoza ubavuni mwa ganda karibu na kitako, na nyundo inashuka kutoka juu kuupiga. Rivolva ya namna hii utaitambua hata kwa mbali, kwa sababu ukingo wa nyuma wa silinda una vijipengo, kimoja kwa kila tundu, ambamo pini hukaa. Jeshi la majini la Ufaransa liliichukua ya milimita 12 mwaka 1858. Baadaye kila taifa likataka lake. Ufaransa milimita 11 mwaka 1873, Uholanzi milimita 9.4 mwaka huohuo, Uswisi milimita 7.5 mwaka 1882. Ujerumani ilichagua 10.6 mwaka 1879, kwenye rivolva nzito isiyo na kitoa maganda. Askari alilazimika kuyasukuma nje kwa kijiti, moja baada ya jingine.

Namba zenyewe zinahitaji tahadhari. Ukisoma .44, maana yake ni sehemu 44 kati ya 100 za inchi, karibu milimita 11.2. Lakini risasi ya .38 Special ina kichwa cha .357. Hiyo ni kumbukumbu ya zamani, wakati kichwa kilikuwa na unene sawa na ganda kwa nje, kikachongwa kisigino chembamba ili kiingie ndani. Jina lilifuata unene huo. Jeshi la Urusi, liliponunua rivolva za Smith & Wesson mwanzoni mwa miaka ya 1870, lilitaka kichwa kikae ndani ya ganda pamoja na mafuta yake, uchafu usishike. Kichwa kikapungua hadi .429, jina likabaki .44. Na LeMat, rivolva iliyobuniwa katika jimbo la Louisiana na kubebwa na maofisa wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ina vipimo viwili kwa mara moja: risasi 9 za .42 kwenye silinda, na katikati yake kasiba ya pili ya namba 20, yaani vidonge 20 vya madini ya risasi vinavyoijaza vina uzito wa ratili moja.

Kilichoziua nyingi kati ya kaliba hizi ni baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Ilikuwa na nguvu kuliko baruti nyeusi, na vyuma vya zamani havikuistahimili. Huku kwetu tofauti hiyo ilionekana waziwazi mwaka 1914: askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za Mauser za 1871, za milimita 11, na kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali walipo.

Kufa kwa kaliba ni suala la kisheria pia, na hapa nchi hutofautiana sana. Marekani inahesabu miaka: silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa sheria ya shirikisho ya 1968, ni ya kale. Uingereza inaangalia pia risasi. Sheria yake ya 1968 inaruhusu silaha ya kale kuwekwa kama kitu cha ajabu au pambo, na serikali ikawa na orodha ya kaliba zilizohesabiwa kuwa zimekufa. Wahalifu wakaanza kujitengenezea risasi za baadhi yake. Kanuni za mwaka 2021 zikaziondoa kaliba 7 kwenye kundi hilo, zikiwemo .44 Russian, .41 Colt, na zile za kijeshi za Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa nilizozitaja. Mtu aliyelala na pambo la ukutani akaamka na silaha inayohitaji kibali. Uamuzi ule naona ulikuwa wa haki, ingawa uliwaumiza watu wasio na hatia yoyote. Ruhusa hizo ni za huko. Mtanzania au Mkenya aliyerithi bastola ya babu aanze polisi.

Mkusanyaji makini hajazi silaha hizi. Anazisoma. Kwenye silinda ya rivolva ya Liège, mji wa Ubelgiji, utaona umbo la yai lenye herufi ELG ndani, si kubwa kuliko punje ya mchele, alama ya ofisi ya Ubelgiji iliyozijaribu silaha kwa baruti nyingi kabla hazijauzwa. Kuanzia 1893 yai hilo linavikwa taji. Halina taji? Basi bastola ilipita pale kabla ya mwaka huo, hata kama haina jina la fundi wala namba ya kaliba. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii husononeka wakikuta rivolva iliyosuguliwa kwa msasa hadi inang'aa kama sufuria mpya, na mahali palipokuwa na yai pamebaki laini.