Si darasa linalomaliza bando, ni video

Hapa Mwanza ukimshauri mtu ajiunge na darasa mubashara mtandaoni, anakukatisha: "Bando litaisha mwalimu hajamaliza kuita majina." Siyo kweli. Kinachokula bando ni picha. Sauti ya kilobiti 40 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa somo, ni kama MB 18 tu kwa saa. Video ndiyo inayofika mamia ya MB, hata kupita GB 1.

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na jioni anasoma uhasibu. Simu anailaza juu ya gunia, hedifoni sikio moja, sikio lingine la wateja. Kamera kaizima, na picha za wenzake zinazoingia kazizima pia. Hilo la pili wengi hulisahau, halafu wanalaumu mtandao. Swali analiandika kwenye chati, kidole kikiwa bado na magamba, mwalimu anamjibu hapohapo.

Eti kusubiri rekodi ndiyo nafuu? Rekodi nayo ni video. Na ukiiuliza kwa nini debiti iko kushoto, inaendelea tu kuongea.