Konrodi orijino au aftamaketi? Tunayodanganyana gereji

Kifuku kikishaanza hapa Tabora stori huwa ni ileile, Land Cruiser ya injini ya 1HZ imetoka njia ya Sikonge au Urambo, imeingia kwenye maji ikazima ghafla, wakaivuta wakaikausha wakawasha, ikawaka ila inatetema na silinda moja haina kompresheni ya kutosha. Unafungua unakuta konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na kranki) imepinda, pistoni yake ikifika juu kabisa inasimama chini kuliko wenzake. Hapo ndo mtu anamwambia mwenye gari, "hizi orijino laini, agiza aftamaketi za H umalize kazi", yaani za kampuni nyingine, zenye umbo la H.

Jamani si kweli. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta ndani lazima kitu kikubali, na konrodi ya bei yoyote ile itapinda, au itakatika itoboe bloku. Hela ya kwanza hapo ni snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) na kuziba vizuri mabomba ya hewa.

Kingine nachosikia sana ni kwamba aftamaketi inaongeza nguvu. Haiongezi hata kidogo, inabeba tu nguvu iliyopo. Na hapa naomba tuelewane maana ndo penye hela za watu: konrodi inapata mizigo ya aina mbili. Mafuta yakiwaka, presha inaikandamiza kuelekea chini, na ukiweka tabo au kuongeza busti (presha ya hewa inayosukumwa ndani ya injini) huo ndo mzigo unaokua. Wa pili ni wa kuvutwa, pistoni ikimaliza kutoa moshi juu hakuna presha ya kuizuia, yenyewe inataka kuendelea kupanda, konrodi inairudisha chini kwa nguvu na zile bolti mbili za kwenye kepu (kipande cha chini cha konrodi kinachofungia kranki) ndo zinashikilia kila kitu. Huu wa kuvutwa hauendi sawa na resi (mizunguko ya injini kwa dakika), unaenda kwa kipeo cha pili, yaani ukitoka mizunguko 6000 kwenda 7000 umeongeza resi kama asilimia 17 ila mvuto umepanda asilimia 36. Kwa hiyo wenye petroli za kupiga resi kubwa waanze na bolti bora, mara nyingi bolti inatangulia kukata kabla ya konrodi yenyewe.

1HZ ni dizeli ya lita 4.2, kompresheni 22.4 kwa 1, resi zenyewe ni za chini. Ukiifunga tabo, joto litakusumbua kwenye pistoni na hedi kabla konrodi hazijalalamika.

Halafu eti orijino zote dhaifu. Angalia injini ya petroli yenye tabo, 2JZ-GTE ya Toyota, Japani iliuzwa na farasi 280 na watu wamezidisha hiyo zaidi ya mara mbili konrodi za kiwandani zikiwa humohumo. Zipo injini zenye konrodi nyembamba kweli, usihukumu zote kwa moja. Na hiyo H na I ni umbo tu la konrodi ukiikata katikati, I iliyofuliwa vizuri inaishinda H ya chuma kibovu, basi.

Linaloniumiza zaidi ni hili la "mpya haipimwi". Niliwahi kuletewa seti mpya kutoka duka moja, boksi zuri kabisa, nikaweka kwenye mzani moja imezidi wenzake gramu 11, na tundu kubwa (la upande wa kranki) halikuwa duara. Fundi asiyepima angefunga. Kaza kepu kwa toki yake (nguvu ya kukazia iliyopangwa) kwanza, ndo upime tundu, halafu upime nafasi ya oili, kwa kawaida jonali (sehemu ya kranki inayokaa kwenye tundu hilo) ya milimita 50 inataka kama milimita 0.05. Ikibana metali (beringi za konrodi) zinashikana, ikizidi presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga. Konrodi nyingi tunazoziona zimeungua rangi ya bluu zimeuliwa na kukosa oili, sa unabadilisha konrodi unaacha pampu imechoka, si itaungua na hiyo mpya?

Mimi gari ya kubeba tumbaku naifunga orijino, hata yuzdi kama imepimwa unyoofu, na bolti mpya na metali mpya. Aftamaketi ya kampuni inayoaminika namshauri mtu wa petroli anayeongeza busti sana au resi, au orijino ikikosekana kabisa.

Na tafadhali msichanganye kepu. Injini nyingi za siku hizi kepu inatenganishwa kwa kupasuliwa, ule mpasuko wenye chembechembe unakaa kwa konrodi yake peke yake, ukiweka ya jirani tundu haliwi duara tena, piga alama za namba kabla hujafungua bolti ya kwanza.