Tagi za duka la mtandaoni: tunavyodanganyana huku Kigoma na ukweli wenyewe

Nina kaduka ka mtandaoni, nauza dagaa, migebuka mikavu na mawese, mzigo nautoa Kibirizi na mwingi unaenda Dar, na tangu niweke tagi za kufuatilia wanaoingia dukani kila mtu pale Mwanga ana lake la kuniambia, mengine niliyaamini kabisa mpaka yakanigharimu.

Eti tagi inakuonyesha nani kaingia na namba yake ya simu. Jirani yangu haingii dukani kwangu kwa sababu hiyo tu. Jamani hamna kitu kama hicho, tagi ni kipande cha msimbo wa JavaScript (maandishi ya programu) kwenye ukurasa, brauza ya mteja ikikisoma inatuma habari kwamba ukurasa fulani umefunguliwa, kitu kimewekwa kwenye kikapu, basi. Mtu anatambulika kwa kuki, kijifaili kidogo chenye tarakimu zisizo na jina, na kuki inakaa kwenye brauza, haikai kwa mtu, yaani dada akifungua linki ndani ya Instagram mchana halafu usiku akaja kununua kwa Chrome, kwangu hao ni watu wawili. Wa iPhone ndo kabisa, Safari inafuta kuki za namna hii baada ya siku 7 mtu asiporudi, kwa hiyo akija wiki ya tatu anahesabiwa mgeni.

Ila kuna mtego hapo. Kama fomu yako inaweka namba ya simu kwenye anwani ya ukurasa, tagi inabeba anwani nzima na ile namba inaenda nayo. Google Analytics, huduma ya Google inayopokea habari za tagi na kutoa ripoti, wanakataza kutumiwa vitu hivyo, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, haiulizi duka ni kubwa au dogo.

Eti ukiibandika sehemu nyingi data inakuwa kamili. Hili lilinikuta. Fundi aliniwekea kwa plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye duka, mimi nikaja nikaiweka tena kupitia Google Tag Manager, kifaa cha Google cha kuwekea tagi, sote tukasahau. Kumbe idadi ya watu haibadiliki kwa sababu kuki ni ileile, ila kila ukurasa unahesabiwa mara mbili, na kwenye Google Analytics 4 mtu akifungua kurasa mbili anaonekana kavutiwa na duka, sa mimi nikawa naona karibu kila mtu kavutiwa. Nikafurahi hadi nikawatambia wenzangu! Ukiona asilimia nzuri hivyo kwenye duka la dagaa shtuka.

Eti ukurasa wa "asante" ukifunguka ndo umeuza, usipofunguka hujauza. Hapa ndo penye kazi. Watu wetu wanalipa kwa simu, mteja anabonyeza lipa, anatokewa na ombi la namba ya siri, anaweka, anaona meseji ya muamala imeingia, anafunga simu anaenda zake, ukurasa wa asante hajauona wala hana habari nao. Hela imeingia, oda ipo, tukio la purchase, yaani taarifa ya tagi kwamba kuna mauzo, halijatumwa, na wewe unakaa unasema tangazo halileti wateja. Dawa ni seva yako, kompyuta inayoendesha duka, ndo itume lile tukio pale inapopata uthibitisho wa malipo, kuna njia ya Google Analytics inaitwa Measurement Protocol, lakini lazima uwe umehifadhi ile namba ya kuki tangu mteja anaweka oda, la sivyo mauzo yataonekana ya mtu asiyejulikana alikotoka.

Hapohapo kwenye tukio la purchase, weka namba ya oda kwenye kisanduku cha transaction_id. Mtu akifungua ukurasa wa asante mara tatu atahesabiwa mara moja. Na usitume hicho kisanduku kitupu, maana oda zote zenye namba tupu mfumo unaziona ni oda moja. Bei andika 45000, usiandike 45,000/=, na sarafu TZS.

Eti ripoti inasema Dar, kwa hiyo Kigoma hawanunui. Mji unakisiwa kutokana na anwani ya intaneti, na data ya simu mara nyingi inatokea kwenye mitambo ya Dar hata kama mtu yuko Ujiji. Mji wa kweli uko kwenye anwani ya kupelekea mzigo.

Eti walioandikwa "direct" (waliokuja moja kwa moja) kwenye ripoti wanalijua duka kwa kichwa. Wengi ni linki za WhatsApp, hazisemi mtu katoka wapi. Ongeza utm_source, maneno ya kutaja mtu katoka wapi, kwenye linki kabla hujaitupa kwenye magrupu.

Eti namba zikishuka tagi imekufa. Inawezekana, ndo maana nikigusa chochote naagiza mwenyewe kilo moja, nalipa, naangalia kama imeingia purchase moja tu. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dukani hamna dagaa, na mimi nahangaika na msimbo wa tagi usiku kucha wakati tagi ilikuwa inasema ukweli mtupu. Baadaye nikataka kufanya uchambuzi wangu wa kina, hatua kwa hatua, nione wateja waliishia wapi kipindi kile, nikakuta hamna kitu, kumbe data za uchambuzi wa hivyo zinatunzwa miezi 2 usipobadilisha. Kwenye mipangilio unaweza kuweka 14. Nimeweka, ila zile zilizofutwa ndo basi tena.