Antivirusi ya kwenye flashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fundi wa kompyuta yeyote, awe Kariakoo au River Road, ana flashi moja asiyoiazima kwa mtu. Ndani yake kuna Dr.Web CureIt!, Kaspersky Virus Removal Tool, Emsisoft Emergency Kit, pengine na Microsoft Safety Scanner. Hizi ni antivirusi zisizosakinishwa: unazifungua pale pale, zinaskani, zinasafisha, unachomoa flashi na kuondoka. Zinafaa sana kwa kazi yake. Ila zimebebeshwa sifa nyingi zisizo zake, na mwenye laptopu anarudi nyumbani akiamini imepona kumbe bado.

"Ninayo kwenye flashi tangu mwaka jana, na bado inafanya kazi."

Inafunguka, hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya uwezo wake iko kwenye orodha ya alama za virusi inayokuja nayo, na orodha hiyo ni ya siku uliyoipakua. CureIt! na ile ya Kaspersky hazijisasishi; ukitaka orodha mpya unapakua programu nzima tena. Ukiskani leo kwa toleo la mwaka jana, unatafuta virusi vya mwaka jana. Microsoft hawakutaka mjadala: Safety Scanner ina ukomo wa siku 10 tangu ipakuliwe, baada ya hapo inabidi uipakue upya. Watu hulalamika, kwa kuwa ni faili ya zaidi ya megabaiti 100 na bando linauma. Mwenye bando dogo atapata nafuu kwa Emsisoft, maana yenyewe inasasisha orodha ikiwa ndani ya folda yake bila kukulazimisha kuanza upya.

Kuna jambo jingine mafundi hawapendi kulisikia. CureIt! ni ya bure kwa mtu anayesafisha kompyuta yake ya nyumbani. Ukiitumia kwenye kazi ya kulipwa, unatakiwa kuwa na leseni.

"Nikishaskani, kompyuta ina ulinzi."

Haina. Ukifunga dirisha la programu hiyo, hakuna anayebaki mlangoni. Kwa hiyo usizime Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, kwa kisingizio kwamba unayo ya flashi. Ule usemi wa kwamba antivirusi mbili hugombana unahusu mbili zinazokesha kwa wakati mmoja. Ya kuskani mara moja hukaa na Defender bila shida.

"Antivirusi imefuta kazi zangu zote!"

Kelele hizi husikika zaidi steshenari, na mara nyingi hakuna kilichofutwa. Flashi imetoka kuprintiwa, folda zote zimegeuka shotikati, mtu anaskani, shotikati zinaondoka, flashi inaonekana tupu. Hapo ndipo antivirusi inapotukanwa.

Kirusi cha aina hii huzificha folda zako halisi kwa kuzipa alama ya faili fiche na ya faili za mfumo, kisha huweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, inawasha kirusi na papo hapo inakufungulia folda yako, ndiyo maana hushtuki. Antivirusi inapokuja, inaondoa kirusi na shotikati zake, lakini mara nyingi haigusi alama zile za kuficha. Kazi zako bado zipo. Angalia ukubwa wa flashi: kama inaonyesha nafasi imetumika wakati huoni kitu, basi zimefichwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, folda zitarudi. Fuata mpangilio huu: safisha kompyuta kwanza, halafu flashi, halafu ndiyo ufichue. Ukifichua wakati kompyuta bado inaumwa, zitafichwa tena kabla hujamaliza kushukuru.

Hapa kuna imani ya zamani inayokataa kufa, kwamba kuchomeka flashi tu kunatosha kuambukiza, hivyo ushikilie kitufe cha Shift. Enzi za Windows XP hilo lilikuwa na maana, kwa sababu ya autorun.inf, faili inayoiambia Windows iwashe programu fulani flashi inapochomekwa. Windows 7 iliacha kuitii faili hiyo kwenye flashi, na Februari 2011 Microsoft wakasambaza sasisho la kuizuia kwenye XP na Vista pia. Ndiyo sababu kirusi cha shotikati kinakuhitaji wewe ukibofye.

"Flashi yenye antivirusi haiambukizwi."

Sality na Ramnit hazijui heshima hiyo. Ni virusi vinavyojipachika ndani ya faili za exe, yaani faili za programu, zikiwemo zilizo kwenye flashi, na faili ya antivirusi yako ni exe kama nyingine. Fundi akipita nayo kompyuta tano, anaweza kuwa msambazaji bila kujua. Kabla ya kuifungua, bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye Properties, kisha Digital Signatures, uone kama saini ya mtengenezaji bado ni halali. Exe iliyoguswa, saini yake huharibika. Kadi ya SD yenye kile kiswichi cha kufunga husaidia, ila si ukuta: kisomaji cha kadi ndicho kinachoamua kukitii. CD iliyokwisha kuchomwa na kufungwa ndiyo isiyoandikika.

"Imesema hakuna kirusi, basi hakuna."

Hapa ndipo ninapowashangaa hata mafundi wazoefu. Antivirusi inayofunguliwa ndani ya Windows inayoumwa inaiuliza Windows hiyo hiyo: nionyeshe faili zako. Kirusi kilichojichimbia ndani ya mfumo kinaweza kuijibu uongo. Dawa ni kuskani Windows ikiwa imelala. Kwenye Windows 10 na 11 huhitaji hata flashi: ingia Windows Security, kwenye machaguo ya kuskani chagua Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima, itawaka nje ya Windows na kuskani kwa takriban dakika 15. Njia nyingine ni Kaspersky Rescue Disk, inayowasha kompyuta kutoka kwenye flashi kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows.

Ukitumia hiyo ya Linux, jihadhari na mambo mawili. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili, na diski inaweza kusomeka tu bila kusafishika. Shikilia Shift unapobofya Shut down. La pili, diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, haisomeki bila ufunguo wake wa kurejeshea.

Kupiga Windows upya nako hakumalizi kila kitu. Ukifuta sehemu ya diski yenye Windows (C) na kuiacha ile ya mafaili (D) ilivyo, Ramnit inakusubiri huko, maana inaambukiza hata faili za html.

"Kirusi kimetoka, mambo yamerudi kawaida."

Kompyuta inaweza kurudi. Kilichoibwa hakirudi. Mei 2025 Microsoft, wakishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa, walivuruga mtandao wa Lumma, programu ya kuiba nywila. Walikuwa wamebaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili tu. Wezi wa aina hii huchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokuweka ndani ya akaunti. Kwa hiyo chukua simu au kompyuta nyingine iliyo salama, badilisha nywila ukianza na ya barua pepe, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

Kwa virusi vinavyofunga faili na kudai fidia ni vivyo hivyo: CureIt! ikimtoa mhalifu, faili zinabaki zimefungwa. Na ukisafisha kwa pupa unaweza kufuta ile barua ya madai, ambayo ndiyo inayosaidia kutambua ni kirusi kipi. Inakili kwanza, pamoja na faili moja au mbili zilizofungwa, uzipeleke kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Wana vifaa vya bure vya kufungulia baadhi ya aina. Kama yako haimo, tunza faili hizo kwenye diski ya pembeni, kwa kuwa funguo nyingine hupatikana baadaye, wahalifu wakikamatwa.